Ngoma Ikilia Sana Hupasuka: Death Magnetic kwa Masikio ya Shabiki wa Zamani

Leo naweka kando hifadhidata na programu za rununu. Nataka tuzungumze kuhusu albamu moja ya muziki wa hevi metali, Death Magnetic ya Metallica, iliyotoka tarehe 12 Septemba 2008. Najua wengi wenu hamsikilizi muziki huu, na wengine mkisikia tu gitaa la umeme likikwaruza mnatafuta pa kuzimia redio. Msiondoke. Hadithi hii ina hesabu ndani yake, ina mchezo wa video, na ina funzo kwa kila anayeandika programu au kuhifadhi data ya aina yoyote. Si lazima uupende muziki wenyewe ili uielewe.

Kwanza nijitambulishe kama shabiki. Nimewasikiliza Metallica tangu nikiwa shule ya msingi, Nakuru, miaka ya tisini. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kanda ya dakika 60 iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, ambayo nayo ilirekodiwa kutoka nyingine tena. Ilibeba Master of Puppets ya 1986, na mwishoni mwa upande wa pili palibaki dakika mbili tatu za wimbo wa Boney M. ambao hakuna aliyejua ulifikaje humo. Tuliisikiliza kanda hiyo mpaka ikaanza kuyumba.

Nyumbani muziki ule ulikuwa na jina moja tu: kelele. Mama aliuita kelele. Majirani waliuita kelele. Watu wa kanisani waliongeza neno moja, wakauita kelele za shetani. Nami kwa miaka yote hiyo nimekuwa wakili wake. "Hii si kelele," nimewaambia watu wasiohesabika. "Sikiliza vizuri. Kuna magitaa mawili, moja linauliza na jingine linajibu. Kuna mahali pa kupanda, mahali pa kushuka na mahali pa kunyamaza. Kelele haina mpango. Hii ina mpango."

Ndiyo maana Death Magnetic iliniuma. Katika albamu hii bendi yangu ilitunga nyimbo zake bora tangu nilipomaliza shule ya msingi, halafu ikazigeuza kuwa kelele. Na hapa situmii neno hilo kama tusi. Namaanisha kelele kwa maana ya kifundi, ile inayopimika kwa namba.

Walikotoka

Kwa wasiowajua, Metallica ilianzishwa Los Angeles mwaka 1981 na Lars Ulrich, mpiga ngoma mzaliwa wa Denmark, pamoja na James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa. Kirk Hammett, mpiga gitaa la solo, aliingia 1983. Mpiga besi wao, Cliff Burton, alifariki tarehe 27 Septemba 1986 basi lao lilipopinduka nchini Sweden wakiwa safarini kupiga muziki. Akaja Jason Newsted, na mwaka 1988 wakatoa ...And Justice for All, albamu ya nyimbo ndefu na ngumu ambamo besi ya huyo Newsted imezamishwa hadi karibu haisikiki kabisa. Kwa hiyo shabiki wa Metallica ana mazoezi ya muda mrefu ya kupenda kitu chenye kasoro.

Mwaka 1991 ikaja ile yenye jalada jeusi, iliyowapeleka kila pembe ya dunia. Baada ya hapo mambo yakachanganyika. Walitoa Load mwaka 1996 na Reload mwaka 1997, zikiwa laini zaidi, na mashabiki wengi wa zamani wakanung'unika. Mwaka 2000 waliishtaki Napster, huduma iliyowawezesha watu kubadilishana faili za MP3, na wakawasilisha orodha ya majina zaidi ya 300,000 ya watumiaji. Sisi watu wa kompyuta hatukuipenda hatua ile. Mwaka 2003 ikaja St. Anger: hakuna solo hata moja, na ile ngoma ndogo ya Lars inalia kama sufuria iliyodondoka jikoni. Kaka yangu aliisikiliza mara moja, akaniambia, "Hawa wamekwisha, mdogo wangu," akahamia kwenye reggae.

Basi Death Magnetic ilipotangazwa, ilikuwa kama kesi ya rufaa. Walikuwa wamepata mpiga besi mpya, Robert Trujillo, aliyeingia 2003 St. Anger ikiwa imeshakamilika. Walikuwa pia wamebadilisha prodyuza. Bob Rock, aliyekuwa nao tangu ile albamu nyeusi, aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Rick Rubin, yule aliyesimamia Reign in Blood ya Slayer mwaka 1986 na baadaye akamrudisha mzee Johnny Cash kwenye ramani mwaka 1994. Kazi ya Rubin ilikuwa kuwakumbusha vijana hawa wa miaka arobaini na kitu walivyokuwa wakitunga muziki kabla ya umaarufu.

Nyimbo zenyewe

Na walikumbuka. Hapa naomba nisieleweke vibaya: nyimbo hizi ni nzuri. Ni 10, na zinachukua karibu dakika 75. Mpenzi wa rumba anayevumilia mashairi huku akingojea sebene ataelewa raha yake, maana karibu kila wimbo una sehemu ambayo mwimbaji anakaa kando na magitaa yanachukua usukani.

That Was Just Your Life inaanza kwa mapigo ya moyo. Halafu gitaa moja linaingia polepole, kama mtu anayechungulia chumba chenye giza, na ghafla milango yote inafunguka. The Day That Never Comes imejengwa kama nyimbo zao za zamani za aina ya Fade to Black na One: nusu ya kwanza ya huzuni, nusu ya pili ya mbio. All Nightmare Long, kwangu mimi, ndiyo bora kuliko zote. Ina kasi, ina hila, na kila unapodhani umeshajua inakoelekea inakata kona. The Unforgiven III inaanza kwa piano. Suicide & Redemption haina maneno kabisa, ni dakika kama 10 za vyombo peke yake, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwenye albamu ya studio tangu 1988. Na My Apocalypse inafunga kazi kwa dakika 5 za mbio tupu. Wimbo huo uliwapa tuzo ya Grammy mwaka 2009.

Hammett amerudishiwa solo zake na unasikia kabisa alivyokuwa na njaa nazo. Hetfield anaimba kama mtu mwenye la kusema. Muziki wa nyimbo zote umeandikwa kwa jina la wanabendi wote wanne, na inasikika hivyo: ni watu wanne chumbani, si mmoja akiwaamrisha watatu.

CD niliipata Desemba mwaka huo, binamu yangu aliyekuwa akisoma Uingereza alipokuja likizo. Niliisikiliza mara mbili mfululizo, kichwa kikaanza kuniuma. Nilidhani ni uchovu. Kesho yake nikajaribu tena, hali ikawa ileile. Nilizipenda nyimbo, lakini mwili ulikuwa unazikataa. Kwa shabiki wa muziki huu, ambaye ameshasimama mbele ya spika kubwa kuliko kabati na kurudi nyumbani akitabasamu, hilo ni jambo la ajabu. Nikafanya anachofanya kila mtu wa kompyuta akikutana na jambo la ajabu: nikafungua faili nitazame ndani.

Ndani ya faili

Nilitumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Ukifungua wimbo humo unaona mchoro wa mawimbi. Wimbo wa kawaida hufanana na safu ya milima: vilele hapa, mabonde pale. Nyimbo za Death Magnetic, mapigo ya moyo na mianzo michache ya polepole yakishapita, zinafanana na mkate wa kukatwa. Umejaa kutoka juu hadi chini, na juu pamenyooka kama pamepigwa pasi.

Nieleze kwa hesabu. CD huhifadhi sauti kama namba. Kila sekunde ina sampuli 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila sampuli ni namba ya biti 16. Maana yake namba kubwa kabisa inayowezekana ni 32,767 na ndogo kabisa ni -32,768. Hapo ndipo dari na sakafu. Hakuna namba nyingine zaidi ya hapo.

Sasa tuseme pigo moja la ngoma lina sampuli hizi:

12,000 – 24,000 – 31,000 – 27,000 – 15,000

Hicho ni kilima kizuri chenye kilele. Mtu anasema, "Ongeza sauti." Unazidisha kila namba kwa 1.5:

18,000 – 36,000 – 46,500 – 40,500 – 22,500

Lakini dari ni 32,767. Chochote kinachozidi kinakatwa:

18,000 – 32,767 – 32,767 – 32,767 – 22,500

Kilele kimeondoka, pamebaki meza. Na angalia jambo hili kwa makini, maana ndilo kiini cha makala yote: kwa kutazama namba tatu za katikati, hakuna mtu duniani, wala programu, anayeweza kukwambia kwa hakika ipi ilikuwa 36,000 na ipi ilikuwa 46,500. Ukipunguza sauti sasa, unapunguza meza, hurudishi mlima. Wahenga walishasema, maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa kawaida mafundi hawakati kijinga hivyo. Wana vifaa vya kubana sauti, vinavyoshusha vilele kwa upole kabla havijagonga dari. Mwaka 1994 kampuni ya Waves ilitoa kimoja cha kidijitali, L1, kinachotazama mbele kidogo kujua kilele kinakuja lini. Kikitumiwa kwa kiasi kinasaidia. Kikitumiwa bila kiasi kinaleta mkate uleule. Kuna kipimo kiitwacho DR kinachoonyesha tofauti kati ya vilele na wastani wa sauti. Namba ikiwa kubwa, muziki una nafasi ya kupumua. CD ya Death Magnetic ilipata 3.

Na meza ile haipotezi kilele tu, inaongeza kitu pia. Wimbi lililokatwa ghafla huzaa milio mipya ambayo hakuna aliyeipiga, si kwa gitaa wala kwa ngoma. Hiyo ndiyo kelele niliyoitaja mwanzo. Unaisikia kama mkwaruzo juu ya kila pigo, hasa kwenye The Day That Never Comes wimbo unapopamba moto.

Najua kuna atakayeuliza: si gitaa la metali lenyewe hukwaruzwa makusudi? Ni kweli. Mkwaruzo wa gitaa hutokana na kifaa kusukumwa kupita uwezo wake hadi wimbi linakatwa, na ndio tunaoupenda. Lakini hapo mpiga gitaa amechagua chombo kimoja na kiasi chake. Ukikata mchanganyiko mzima, ngoma, besi na sauti ya mtu vinakwaruzwa pamoja na kugongana. Pilipili kwenye mchuzi ni mapishi. Pilipili kwenye mchuzi, kwenye ugali, kwenye chai na kwenye maji ya kunawa ni adhabu.

Kwa nini wafanye hivyo?

Sikio la binadamu lina udhaifu mmoja. Ukilichezea kitu kilekile mara mbili haraka haraka, moja ikiwa juu kidogo, litasema ile ya juu ndiyo bora. Wenye matatu wanalijua hilo, na kampuni za muziki pia. Tangu miaka ya tisini kila albamu ilitaka kuwa juu kidogo kuliko ya jirani, na jirani naye akajibu. Watu waliita mashindano hayo vita vya sauti. Tatizo ni kwamba dari haipandi. Ukitaka kupandisha wastani wakati dari imekaa pale pale, njia pekee ni kubomoa vilele. Rubin mwenyewe alikuwa ameshapita njia hiyo: Californication ya Red Hot Chili Peppers, aliyoisimamia mwaka 1999, ililalamikiwa kwa jambo hilohilo.

Fundi aliyefanya hatua ya mwisho ya Death Magnetic, ile inayoitwa masta, ni Ted Jensen wa Sterling Sound, New York, mtu mwenye heshima kubwa katika kazi yake. Mashabiki walipoanza kumlaumu, jibu lake kwa mmoja wao lilisambaa: sauti ilikuwa imeshabanwa hivyo kabla ya kumfikia, na hakujivunia kuhusishwa na kazi ile. Ukiwa umewahi kuwa mtu wa mwisho kwenye mradi, yule anayebonyeza kitufe cha kuweka programu hewani, unajua alivyojisikia. Kosa linafanywa hatua ya tatu, lawama inafika hatua ya kumi.

Lars kwa upande wake alisema hadharani kwamba anaipenda albamu inavyosikika. Na kibiashara hakuwa na sababu ya kulia. Katika siku tatu za kwanza nchini Marekani ziliuzwa nakala 490,000 na albamu ikashika namba moja.

Mchezo wa video unafichua siri

Sasa tunafika kwenye sehemu inayonifurahisha kama mtu wa programu. Siku ileile CD ilipotoka, nyimbo zote ziliuzwa pia ndani ya mchezo wa video uitwao Guitar Hero III. Katika mchezo huo unashika gitaa la plastiki na kubonyeza vitufe kufuata wimbo. Ukikosea, gitaa linanyamaza lakini vyombo vingine vinaendelea. Fikiria kidogo: ili programu iweze kunyamazisha gitaa peke yake, ni lazima ipewe gitaa likiwa peke yake. Haiwezi kulichomoa kutoka kwenye wimbo uliokwisha kuchanganywa. Kwa hiyo watengenezaji wa mchezo walipewa sauti zikiwa zimetenganishwa, yaani kutoka hatua ya awali, kabla ya pasi ile ya mwisho.

Mashabiki walisikia tofauti mara moja. Walichukua sauti za mchezo, wakaziweka sambamba na za CD, na michoro ikaonekana wazi: huku mkate, huku milima. Ngoma za Lars zilikuwa na uzito, besi ya Trujillo ilikuwa na mahali pa kusimama. Maelfu ya mashabiki walitia saini ombi mtandaoni wakitaka albamu ichanganywe upya. Wengine hawakungoja. Waliunganisha zile sauti za mchezo wakatengeneza albamu nzima upya na kuisambaza.

Unaona kejeli ya mambo? Bendi iliyoishtaki Napster mwaka 2000 kwa kutetea kazi yake, miaka 8 baadaye toleo zuri zaidi la kazi yake lilikuwa mikononi mwa watu wanaobadilishana faili bila ruhusa. Na swali likawa letu sisi mashabiki: mtu aliyelipia CD ana haki ya kupakua nakala isiyo halali kwa sababu ile halali imeharibika?

Mimi sikuipakua. Sehemu moja ya sababu ni ya kimaskini tu: Kenya tulikuwa bado tunategemea setilaiti, nyaya za chini ya bahari hazikufika Mombasa mpaka 2009, na kushusha albamu nzima kulikuwa gharama. Lakini hata baada ya nyaya kufika sikuipakua. Mimi naishi kwa kuuza programu. Kila siku natarajia mtu alipie kazi yangu na, ikiwa na hitilafu, aniambie nirekebishe. Sitarajii achukue ya bure kwa mlango wa nyuma. Niliona ni haki niwatendee wao vilevile: nisikilize vipande vya kulinganisha vilivyowekwa kwenye video, nipige kelele zangu pamoja na wenzangu, na nisubiri. Sisemi walioipakua ni wezi. Wengi wao walikuwa wameshalipa kama mimi. Nasema tu mimi nilisimama wapi.

Jaribio la kaka yangu

Kusubiri kulilipa, ingawa polepole. Mwaka 2015 lilitoka toleo jipya kwa ajili ya iTunes, ambalo halikubanwa kiasi kile. Si kamilifu, bado ni albamu yenye misuli, lakini inapumua.

Krismasi moja baadaye nikiwa nyumbani Nakuru nilimfanyia kaka yangu jaribio. Yeye ni fundi wa magari, hana habari na DR wala biti. Nilishusha sauti ya faili za CD mpaka zikalingana kwa ujazo na zile za toleo jipya, ili asidanganywe na udhaifu ule wa sikio. Siku ya kwanza nikamchezea CD. Wimbo wa nne ulipofika alisimama, akasema anaenda kuangalia gari la mteja. "Si mbaya," akaniambia, "lakini imenichosha."

Siku ya pili nikamchezea toleo jipya. Alikaa dakika zote 75. Akataka The Day That Never Comes irudiwe. Kisha akaniuliza, "Ile ya jana ilikuwa feki, sivyo?"

Nikamwambia, "Ya jana ndiyo orijino, kaka."

Mtu mmoja na siku mbili si utafiti, na huenda siku ya pili alikuwa ameshaanza kuzizoea nyimbo. Lakini alikuwa amewaacha Metallica tangu 2003, na jioni hiyo aliniomba nimwekee All Nightmare Long kwenye simu yake.

Tunachojifunza

Vita vya sauti leo vimepungua makali, na kilichovipunguza ni programu. Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni hupima wastani wa sauti wa kila wimbo na kuupandisha au kuushusha ili nyimbo zote zilingane. Spotify, iliyofika Kenya mwaka 2021, hutumia kiwango cha -14 LUFS kama mtumiaji hajabadilisha mipangilio. Matokeo yake ni haki tupu: wimbo uliobomolewa vilele ili uwe juu kuliko jirani unashushwa hadi usawa wa jirani, ila jirani bado ana milima yake na wewe una mkate. Umepigana vita, umeshinda, na hakuna ngawira.

Kwa wanaoandika programu, mimi nimebaki na mambo matatu. Kwanza, tunza faili asilia. Toleo la 2015 liliwezekana kwa sababu rekodi za awali zilikuwepo. Hatua yoyote inayotupa taarifa, iwe ni kubana picha, kufupisha tarehe au kufuta safu kwenye hifadhidata, ifanywe mwisho kabisa, kwenye nakala. Pili, jihadhari na namba moja. Ukiamua kwamba ubora ni kuwa juu, au kuwa na kasi, au kuwa na mibonyezo mingi, utaipata namba hiyo na utapoteza ulichokuwa unakipima. Tatu, mtumiaji anayelalamika huku ameambatisha michoro si adui. Ni shabiki. Adui angeshaondoka kimya kimya.

Na kwa wanaopenda muziki: anza na toleo lisilobanwa sana, uweke hedifoni nzuri, na uanze na All Nightmare Long. Bado nasema hii ndiyo albamu bora ya Metallica tangu 1991, na nimesikiliza Hardwired... to Self-Destruct ya 2016 na 72 Seasons ya 2023 kabla ya kusema hivyo. Ni nyumba nzuri iliyopakwa rangi mbaya, na uzuri wa rangi ni kwamba, ukiwa na bahati na ukitunza ufunguo, inaweza kukwanguliwa.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fungua Audacity, weka wimbo wowote uupendao, uwe wa injili, bongo fleva au taarabu, utazame kama una milima au ni mkate. Kisha utazame wimbo wa miaka ya sabini karibu yake. Niandikieni mlichokiona, hasa wenye rekodi za zamani za rumba na dansi, maana nina hamu ya kujua vilele vyake vikoje. Tuonane makala ijayo, ambapo narudi kwenye hifadhidata, naahidi.